Maji Yasiyozinduliwa

Nchi yetu imejaliwa mito saba, maziwa mawili na misimu miwili ya mvua na, kwa sababu ambazo tayari zimeundiwa tume, haina maji. Sisemi haya kwa kulalamika. Mimi ni mtumishi wa Wizara ya Maji, Afisa Uvujaji Daraja la Tatu, na chuoni nilifundishwa kwamba afisa hulalamikiwa, halalamiki.

Mabomba tunayo. Mgeni anayepita nchini kwetu huyaona kila kona, yamesimama wima kando ya njia, kila moja na jiwe lake la marumaru lenye jina la kiongozi aliyelizindua. Utaratibu ni mmoja nchi nzima. Kiongozi huja, hukata utepe, hufungua koki, maji hutoka, watu hupiga makofi, kiongozi hunawa mikono na kujifuta kwa taulo jeupe. Kesho yake afisa hurudi na kufuli, huifunga koki, na ufunguo hutundikwa ukutani pale Wizarani, kwenye korido ya ghorofa ya pili. Korido hiyo ni nzuri sana upepo ukivuma. Funguo zote hulia kwa pamoja.

Wageni hudhani tunafanya makosa. Hapana. Bomba likishazinduliwa hufutwa kwenye orodha ya mahali pasipo na maji, na mahali palipofutwa kwenye orodha hiyo hapahitaji maji tena. Kwa hiyo maji huenda kwenye bomba linalofuata. Huenda kwa boza, lori kubwa la bluu lenye tangi mgongoni, ambalo kwa miaka tisa limekuwa likisafiri mbele ya Mtukufu Rais na kufika kila mahali saa moja kabla yake. Mkurugenzi wangu, Bwana Mbwiliza, huliita "chanzo chetu cha uhakika".

Mtu anaweza kuuliza kuhusu ile mito saba. Ilizinduliwa yote siku moja, kwa pamoja, ili kubana matumizi. Kuhusu mito sina la kuongeza.

*

Mbele ya Wizara kuna Sanamu ya Hifadhi ya Maji. Ni sanamu ya Mtukufu, mara tatu ya kimo chake, ameshika ndoo ya shaba. Kutoka ndani ya ndoo hiyo maji huruka juu kutwa nzima, kupita kofia yake, yakatawanyika hewani na kuangukia lami, ili kuwakumbusha wananchi wasipoteze maji.

Jumatatu moja maji ya sanamu yalipungua. Bwana Mbwiliza aliniita dirishani.

"Binti, unaiona aibu hii?"

"Naiona, bosi."

"Yamefika wapi?"

"Kifuani, bosi."

"Ijumaa yalikuwa shingoni. Sasa niambie, Ijumaa ijayo yatakuwa wapi?"

Niliona haya kupataja mahali penyewe.

Bwana Mbwiliza alifunga pazia kwa heshima. Akanieleza kwamba Wiki ya Hifadhi ya Maji imekaribia, kwamba bomba la sanamu lina urefu wa kilomita kumi na nne kutoka bwawani, na kwamba mahali fulani katika kilomita hizo kuna tone linalotoroka. Nilitakiwa nilifuate bomba kwa miguu, nipatafute panapovuja, niandike ripoti, waje wazibe.

Nilifurahi. Katika miaka miwili ya kazi yangu hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutumwa kwenye uvujaji wenye maji. Mwingine wote niliousimamia ulikuwa mkavu.

*

Nilitembea kilomita nane bila kuona kitu. Kwenye kilomita ya tisa nilifika mtaa unaoitwa Mabondeni, na pale pia sikuona kitu, na hilo ndilo lililonishtua. Chuoni tulifundishwa kwamba panapovuja huwa na dalili tatu: matope, majani mabichi, na bata. Mabondeni hapakuwa na hata moja. Ardhi ilikuwa imekauka na kufagiliwa. Lakini watu walikuwa na nyuso zilizonawiwa, na kwenye kamba kulikuwa na nguo zinazodondoka maji ndani ya masufuria yaliyotegwa chini yake.

Nilizifuata kamba hizo hadi kwenye uwanja mdogo katikati ya mtaa. Pale bomba la sanamu lilikuwa limepasuka, na maji yanatoka, unene wa kidole gumba. Hakuna tone lililogusa ardhi. Pasuko lilikuwa limevishwa mpira wa tairi, mpira unaingia kwenye pipa la bluu, pipa lina mfuniko, mfuniko una kufuli, na ufunguo wa kufuli ulikuwa umening'inia shingoni mwa mama mmoja mnene aliyekuwa ameketi kibarazani akichoma vitumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoka Wizarani."

"Umejuaje?"

"Umekodolea macho maji kama mtu aliyeona mzimu. Karibu kitumbua. Umekuja kuziba?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuandika tu."

"Huko kwenu kuandika ndiko kuziba," akasema, akageuza kitumbua.

Huyo alikuwa Bi. Sikudhani, Mwenyekiti wa Kamati ya Pasuko. Alinieleza kwamba mwaka juzi lori lililobeba mawe ya marumaru ya uzinduzi lilipinduka pale, jiwe moja likalipiga bomba, na tangu siku hiyo Mabondeni wanapata maji, na wiki hizi ufa umeanza kupanuka. Jiwe lenyewe walilitunza. Wanalifulia nguo.

Kamati ilikuwa na sheria. Ndoo nne za kwanza kila siku ni za zahanati, na hazijadiliwi. Baada ya hapo maji ya kunywa, kisha ya kupikia, kisha mengine. Maji yaliyooshea mchele hunyweshwa mbuzi. Maji yaliyosuuza nguo hupiga deki, na yaliyopiga deki huenda kwenye migomba. Mzee aliyetaka kuoga mara mbili kwa siku alipelekwa mbele ya Kamati, akajitetea kwamba ana mchumba, akapewa kata tatu za ziada kwa muda wa wiki mbili.

"Maji hayatengenezwi, mwanangu," Bi. Sikudhani aliniambia. "Yanazunguka tu. Haya unayoyaona hapa bibi yangu alishayanywa, akayatoa jasho shambani, yakapanda juu, yakanyesha, yakanifikia mimi. Nikiyamwaga ovyo nitakuwa nimemkosea bibi. Na huyo anayekuja nyuma yangu naye nitamwambia nini?"

Niliandika maneno hayo kwenye daftari. Chuoni tulikuwa tumeyasoma kwa wiki sita, yakiwa na mishale na michoro, lakini hakuna aliyetuambia kwamba bibi yumo.

Zahanati ilikuwa hatua chache kutoka pale: chumba kimoja cheupe, kitanda kimoja cha kujifungulia, na nesi mmoja, Nesi Perpetua, ambaye alinionyesha mapipa yake mawili kama mtu anayeonyesha picha za wanawe.

"Zamani mama aliyekuja kujifungua alikuja na maji yake," alisema. "Asiyekuwa nayo niliwatuma ndugu zake mtoni. Kilomita sita kwenda. Siku nyingine walirudi mambo yameshaharibika. Siwezi kusahau, dada. Wawili siwezi kabisa kuwasahau." Akakifuta kifuniko cha pipa kwa kiganja, ingawa kilikuwa safi.

Mlangoni alikaa mama kijana anamenya viazi, tumbo limetangulia mbele kama ngoma. Jina lake Siwema. Alinitazama mimi, akatazama daftari.

"Afisa, mkitaka kuziba, zibeni baada ya wiki mbili," alisema. "Mimi nina miadi hapa."

*

Nililala na maneno hayo. Asubuhi niliandika ripoti yangu. Sikuweza kusema uongo, kwa hiyo niliandika ukweli ule ulioonekana kwangu kuwa na huruma zaidi: *Katika Uvujaji Na. 417, Mabondeni, hakuna maji yanayopotea. Maji yote hutumiwa na wananchi.* Nilidhani nimewaokoa.

Bwana Mbwiliza aliisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Wananchi wanapata maji?"

"Kila siku, bosi."

"Alizindua nani?"

"Hakuna, bosi. Lilipasuka tu."

Aliinuka, akafunga mlango, akarudi akaketi ukingoni mwa kiti. "Binti, sema polepole. Unaniambia kwamba ndani ya mipaka ya nchi hii kuna watu, wazima na akili zao, wanakunywa maji ambayo hayajazinduliwa?"

"Na kufulia, bosi."

Nusu saa baadaye tulikuwa ofisini kwa Waziri, Mheshimiwa Profesa Injinia Lukanyaga. Kwenye kona ya ofisi yake kuna sinki, na bomba lake hufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, kwa sababu mchirizi wa maji humsaidia kufikiri kuhusu hifadhi. Aliisoma ripoti, akaenda akasimama karibu na sinki, akafikiri.

"Maji ni uhai," alisema hatimaye. Bwana Mbwiliza aliandika. "Na maji yana hali tatu. Kuna maji yaliyopangwa, kuna maji ya uzinduzi, na kuna maji yaliyopo. Hii hali ya tatu ndiyo ya hatari, kwa sababu haina mwenyewe. Hata hivyo wananchi wasiwe na wasiwasi. Katika mpango wetu wa miaka mitano Wizara itatengeneza maji mapya kabisa, ambayo hayajawahi kutumiwa na mtu yeyote."

Nilimkumbuka bibi yake Bi. Sikudhani, lakini sikuthubutu kumtaja mbele ya Mheshimiwa.

"Pasuko lisizibwe," Waziri aliamuru. "Livishwe koki ya chuma, liwekewe jiwe, na lizinduliwe na Mtukufu mwenyewe Jumamosi ijayo, kilele cha Wiki ya Hifadhi. Huyu binti asimamie."

Nilitoka pale moyo mwepesi. Pasuko halizibwi. Nilikuwa nimefika korido ya ghorofa ya pili upepo ulipovuma na funguo zote zikalia juu ya kichwa changu, ndipo nikakumbuka kinachofanyika siku inayofuata uzinduzi.

*

"Heri wangeziba," alisema Bi. Sikudhani nilipomweleza. Alikuwa ameacha kuchoma vitumbua, jambo ambalo majirani walisema halijawahi kutokea, hata siku ya msiba wa mumewe.

Watu walikuwa wamekusanyika kuzunguka pipa. Fundi Chande, fundi bomba wa mtaa, ambaye tangu ahitimu ufundi alikuwa akitengeneza redio, aliunga mkono. "Wakiziba tunatoboa tena, dakika kumi. Wakishazindua nani atatoboa? Kugusa kufuli la kitu kilichozinduliwa ni uhaini. Binamu yangu aliegemea tu bomba la kule kwao, wakamhoji siku mbili."

"Nisamehe, mama," nilisema. "Nilidhani nikiandika ukweli..."

"Wewe mtoto mzuri," Bi. Sikudhani alinikatiza. "Tatizo lako ni kwamba umesoma ukaamini. Hebu niambie. Mtukufu ameshaliona pasuko?"

"Hapana."

"Waziri wako?"

"Hapana."

"Kwani wao wanachotaka ni nini hasa? Wanataka koki, jiwe na utepe. Basi si wapewe koki, jiwe na utepe. Lazima iwe hapa?"

Fundi Chande akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika pipa.

Ikaamuliwa hivi. Hatua ishirini kutoka kwenye pasuko tungesimamisha bomba jipya, zuri, lililopakwa rangi. Bomba hilo lingeunganishwa na simtangi dogo nyuma ya ua wa makuti, na boza lingekuja kulijaza kama kawaida yake. Kuhusu pasuko lenyewe, tungelifunika na kitu ambacho hakuna afisa wa nchi yetu angethubutu kuchungulia chini yake, yaani jukwaa la Mtukufu.

Ramani ilipaswa kusainiwa na mimi. Chuoni nilikuwa wa kwanza katika uchoraji wa ramani. Hii ndiyo ya pekee niliyowahi kuichora vibaya kwa makusudi, alama ya pasuko nikiiweka hatua ishirini kutoka mahali pake. Iliidhinishwa siku hiyohiyo. Waziri aliandika pembeni: *Mchoro bora kabisa.*

*

Jumamosi ilifika. Jukwaa lilikuwa tayari tangu saa mbili, limevishwa kitambaa chekundu hadi chini. Ndani ya kitambaa, gizani, pasuko liliendelea kujaza pipa, chirichiri, chirichiri. Juu yake, sawasawa kabisa, paliwekwa kiti cha Mtukufu.

Boza halikufika. Saa nne kasoro Bwana Mbwiliza alinijia, shati limemganda mgongoni.

"Binti, maji yako wapi?"

"Barabarani, bosi."

Ilikuwa kweli. Kwa kuwa msafara wa Mtukufu haupaswi kutimua vumbi, boza liliamriwa lilowanishe barabara yote ya kilomita tisa. Dereva wake, mtu mwenye bidii, aliilowanisha mpaka ikalainika, na alipofika kona ya mwisho akiwa hana maji, boza lilizama kwenye tope lake lenyewe mpaka kwenye taa. Askari kumi na wawili walikuwa wakilisukuma. Bata watatu walikuwa wameshafika.

"Nimekwisha," alisema Bwana Mbwiliza. Aliketi juu ya jiwe la kufulia bila kujua ni la nini. "Nina watoto watano."

Nilimwonea huruma. Nilikimbia kwa Bi. Sikudhani, naye akaitazama zahanati, ambayo ndoo zake nne za siku hiyo zilikuwa hazijapelekwa, akaupeleka mkono shingoni kwenye ufunguo.

"Tutamkopesha Mtukufu," alisema. "Lakini asizidishe."

Akina mama walijipanga mstari kutoka nyuma ya jukwaa hadi kwenye ua. Ndoo zilitoka chini ya kitambaa chekundu zikiwa zimejaa, zikapita mkono kwa mkono, zikaingia kwenye simtangi, zikarudi tupu. Msafara ulipowasili ukiwa na tope mpaka madirishani, tulikuwa tumefikisha ndoo thelathini.

Mtukufu alikata utepe. Akafungua koki. Maji yakatoka, meupe, yenye nguvu, na watu wakapiga makofi, na safari hii walipiga kwa moyo, maana waliyajua maji yale mmoja mmoja. Alinawa, akajifuta kwa taulo jeupe, akapanda jukwaani kuhutubia. Koki aliiacha wazi. Mpiga picha alikuwa amemnong'oneza kwamba maji yanayomwagika nyuma ya hotuba yanapendeza kwenye televisheni.

"Ndugu wananchi," alisema Mtukufu, "tone moja la maji ni mali. Anayepoteza tone moja ni adui."

Nyuma yake yalimwagika matone kama laki moja hivi. Nyuma ya ua mstari wa akina mama uliongeza kasi.

"Wazee wetu waliyaheshimu maji. Sisi tumeyafanyia nini?"

"Ongezeni, ongezeni," Bi. Sikudhani alinong'ona. "Huyu ndiyo kwanza yuko kwa wazee."

Dakika ya kumi na mbili ilionekana wazi kwamba jambo jingine linaendelea jukwaani. Mlio wa maji chini ya miguu ya viongozi, chirichiri bila kukoma, ulikuwa unafanya kazi yake. Waziri alikunja mguu wa kulia juu ya wa kushoto, kisha wa kushoto juu ya wa kulia. Mkuu wa Itifaki alifumba macho. Mtukufu mwenyewe alianza kuzungumza haraka, akiruka kurasa.

Ndipo Nesi Perpetua alipotokea nyuma ya ua, kofia upande.

"Siwema ameanza. Mambo yanakwenda mbio. Mapipa yangu nimeyamalizia jana kwa yule mama wa mapacha, na leo hamjaniletea. Nipeni ndoo zangu nne."

Sote tuliangalia ndani ya pipa, kisha ndani ya simtangi. Pipani zilibaki ndoo nne, labda na kata moja. Kwenye simtangi maji yalikuwa chini ya kiganja.

"Tukizitoa, bomba litakauka mbele ya Mtukufu," nilisema.

"Na tusipozitoa?" aliuliza Nesi Perpetua.

Bi. Sikudhani alinigeukia. Hakuwa na hasira, alinitazama tu kama mtu anayesubiri kupewa mwanga.

"Wewe ndiye Wizara hapa, mwanangu. Sisi tumeshavunja sheria ya Kamati kwa ajili yenu. Amua."

Sijawahi kuamua kitu. Hata chakula cha mchana huwa nachukua kile alichochukua aliyenitangulia. Nilifikiri kuhusu korido ya funguo, na ule mkono uliokuwa ukikifuta kifuniko kisafi.

"Mpelekeeni Siwema," nilisema.

Akina mama wanne walijitwisha ndoo. Njia ya pekee ya kwenda zahanati ilipita mbele ya jukwaa, kwa hiyo wakapita mbele ya jukwaa, mmoja nyuma ya mwingine, shingo zimenyooka, bila kumwaga hata tone. Mtukufu alidhani ni sehemu ya maonyesho. Aliwapungia mkono.

Kisha bomba likakohoa. Likatoa mchirizi mwembamba, likatoa matone mawili, likanyamaza.

Kimya kilikuwa kikubwa hata chirichiri ya chini ya jukwaa ikasikika hadi kwenye viti vya nyuma. Mtukufu alilitazama bomba. Waziri alimtazama Bwana Mbwiliza. Bwana Mbwiliza alinitazama mimi. Mimi niligeuka nyuma nimtazame mtu, nikakuta makuti.

"Nani anahusika?" aliuliza Mtukufu.

Miguu ilinipeleka yenyewe. Nilisimama mbele ya jukwaa, nikitazama viatu vyangu.

"Limetii, Mtukufu," nilisema.

"Nini?"

"Bomba. Umesema tusipoteze hata tone moja. Limekuwa la kwanza kutii."

Mtukufu alifikiri. Aliangalia bomba, akaangalia saa yake.

"Nimezungumza dakika ngapi?"

"Kumi na saba, Mtukufu," alisema Mkuu wa Itifaki, macho bado amefumba.

"Mwaka jana niliwahutubia wananchi saa nne na nusu," alisema Mtukufu polepole, "wala sikuona badiliko lolote. Hili ni chuma tu. Dakika kumi na saba." Sauti yake ililowa kidogo. Alivua nishani moja kati ya nyingi za kifuani pake, akashuka, na kwa kuwa bomba halina kifua, akalifunga shingoni.

Alipokuwa akirudi alisimama, akainamisha sikio. "Kuna kitu kinachuruzika?"

"Ni machozi ya furaha ya wananchi, Mtukufu," alisema Bwana Mbwiliza.

"Basi naondoka," alisema Mtukufu, "maana mimi nami nimeguswa sana." Akaondoka kwa mwendo ambao walinzi wake walishindwa kuufuata. Magari yalikuwa yamenasa kwenye tope. Viongozi wote wa nchi yetu walionekana wakikatiza migomba kwa miguu, kila mmoja njia yake, na baadaye wenye migomba walisema hawana kinyongo.

*

Jumapili magazeti yalitangaza kwamba bomba lisilotoa maji litaitwa kuanzia sasa Bomba Tiifu, na ilipohesabiwa ikaonekana kwamba nchi yetu imetekeleza hifadhi ya maji kwa asilimia mia moja, ya kwanza katika ukanda huu. Maji ya sanamu yalikuwa yameshafika kwenye viatu vya Mtukufu. Bwana Mbwiliza alieleza kwamba sanamu nayo imetii, na tangu hapo hakuna mtu anayetafuta panapovuja. Anayetafuta anaweza kuonekana hapendi utii.

Mimi siku hiyo nilitumwa Mabondeni na kufuli. Nililifunga bomba lenye nishani, kwa uangalifu, nikavuta mara mbili kuhakikisha. Ufunguo wake sasa uko koridoni, wa tatu kutoka dirishani. Kisha nikajaza fomu: *Uvujaji Na. 417. Mahali pamekaguliwa. Ardhi ni kavu kabisa.* Nilipiga magoti nikaipapasa kwanza ardhi, nisije nikaandika uongo.

Jukwaa lilikuwa limeshaondolewa na pipa linajaa. Zahanati mlango ulikuwa wazi. Siwema alikuwa ameegemea mto, uso umechoka na kung'aa, na Nesi Perpetua alikuwa akimwogesha mtoto wa kike ndani ya beseni la njano. Mtoto alikuwa na hasira na kila mmoja wetu.

"Nimewahi miadi, afisa," alisema Siwema. "Nasikia nyinyi ndio mliochelewa."

Walipomaliza, Bi. Sikudhani alilichukua beseni. Nilimfuata nje. Hakuyamwaga kama watu wamwagavyo maji machafu, kwa mkupuo. Aliinama kwenye shina la mgomba, akayatiririsha kidogo kidogo, akisubiri ardhi imeze ndipo aongeze, na ufunguo wa pipa ukicheza shingoni mwake.

Nilimwuliza kwa nini anayamwaga taratibu hivyo.

"Yana safari ndefu haya," alisema.